TAHADHARI: Anayeuza "baiskeli ya mzungu wa karanga" ni tapeli, sasa yuko Lindi

Ndugu zangu, hii habari nimeiandika na kuifuta mara tatu kwa sababu ya aibu. Leo naimaliza, maana jana usiku nimetumiwa picha kutoka Lindi na damu imenichemka upya. Kuna mtu anatembeza baiskeli ya resi ya zamani, haina jina, haina stika, anasema iliachwa na mzungu wa mradi wa karanga wa Nachingwea. Mimi kanipiga shilingi 750,000. Hela ya korosho hiyo, hela ambayo mama watoto alikuwa ameshaipangia bati.

Baiskeli ya namna ile nilikuwa naitafuta kwa sababu inayomhusu marehemu baba, habari hiyo sitairudia hapa. Nianzie Alhamisi ile.

Muuzaji alinipigia saa nne asubuhi. "Mwalimu, ule mzigo umeshuka." Tukakutana Mikindani, nyuma ya zile nyumba za mawe zilizobomoka nusu. Baiskeli alikuwa ameiegemeza ukutani, upande wa kivuli. Bluu nzito, mabomba membamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, siti ya ngozi imepasuka kidogo pembeni. Mimi moyo ulikwenda mbio, sifichi. Miaka mitatu natafuta kitu kama kile katika picha, leo kiko mbele yangu na naweza kukigusa.

Na hakuisifia. Hilo ndilo lililonimaliza. Matapeli wote niliowahi kukutana nao wana haraka, wanakuambia kuna mteja mwingine yuko njiani. Huyu alisimama pembeni, mikono nyuma, akasema, "Itazame mwenyewe, mwalimu. Ukiona haikufai, nauli yako ya kurudi nitakupa mimi." Nani angemshuku mtu wa namna hiyo?

Halafu kulikuwa na yule babu. Amekaa kwenye benchi, kofia ya kiua, bakora mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, wa wapi weye?" Nikamtajia. Akasema upande wa mama yangu anaufahamu, akataja kijiji, na kweli ndicho. Akaanza kusimulia habari za karanga: Waingereza walivyokuja 1947, matrekta yaliyoshushwa, reli iliyotoka bandari ya Mtwara kwenda Nachingwea, na jinsi 1951 mradi ulivyotupwa na wazungu wakaondoka huku vyuma vimezagaa porini. Hayo yote ni kweli. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitusimulia hayo hayo usiku, hata jinsi reli ilivyokufa baadaye. Basi babu alipofika mahali pa kusema kwamba yeye alikuwa mpishi wa mzungu mmoja, na mzungu akamwachia baiskeli hii, mimi nilikuwa nimeshaitikia kwa kichwa muda mrefu. Mtu akikuambia mambo tisa unayoyajua ni ya kweli, la kumi unalipokea bila kulipima.

Sasa sikilizeni alichofanya muuzaji. Aliinama, akagonga bomba la juu kwa ukucha. Tiiing. Akaniangalia. Akagonga tena. Tiiing. "Umesikia mlio huo, mwalimu? Chuma cha kawaida kinasema du. Hii ni Reynolds 531." Na aliitamka "faivu-thati-wani", kama wanavyoitamka wenyewe wanaojua. Mnanifahamu, mimi habari za 531 nimezisoma mpaka usiku wa manane. Ni chuma cha fremu za baiskeli kutoka Birmingham, Uingereza, kimechanganywa na manganizi na molibdenamu, kimeingia sokoni 1935, mabomba yake mazito miishoni na membamba katikati. Mimi nilidhani Mtwara nzima tunaoijua namba ile hatuzidi watano. Kumsikia mgeni anaitaja kwenye kichochoro cha Mikindani, nilimwona ndugu.

Akanimalizia na kiwiko. Mnakijua kile kiwiko cha kufungulia gurudumu bila spana. Akafungua gurudumu la mbele, akachomoa chuma kile chote, akakifuta kwa kitambaa na kunitilia kiganjani. Kilikuwa cha baridi. Kimepinda kidogo kufuata kidole. Na juu yake, herufi zimenyanyuka, unazisoma hata ukifumba macho: Campagnolo, na mbele yake "Brev." Kampuni ya vifaa vya baiskeli ya Vicenza, Italia, ile ya tangu 1933. Karibu na nati kulikuwa na mkwaruzo kama herufi Y. Nilikaa nacho mkononi labda dakika tano. Kilikuwa halisi, hilo nalisema mpaka leo. Kiwiko kilikuwa halisi kabisa, na mimi nikaona kama hiki ni halisi, basi na fremu ni halisi. Kumbe kitu chenyewe kinachomolewa na kuchomekwa baiskeli yoyote yenye ekseli ya tundu kabla hujameza mate.

Niliomba nichomoe bomba linalobeba siti nitazame namba. Akanishika mkono kwa upole. "Usiiguse hiyo, mwalimu. Imeganda kwa chumvi ya bahari, ukilazimisha utapasua fremu na hasara itakuwa yangu na yako." Nikakubali. Sisi wa pwani tunajua chumvi inavyokula vyuma, na aluminiamu ikikaa ndani ya chuma miaka mingi kweli huganda. Tena nikamshukuru kwa kunikanya! Nikainyanyua kwa mkono mmoja, nikaiona nyepesi. Lakini mimi nimekulia kwenye Phoenix ya kubebea magunia. Baada ya Phoenix, baiskeli gani utaiona nzito?

Alitaka laki 9. Tukavutana hadi 750,000. Laki 5 nilimhesabia mkononi, 250,000 nikatuma kwa simu. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Nikamuuliza, akasema ni shemeji yake, laini yake ina matatizo. Nikabonyeza namba ya siri. Kidole changu mwenyewe.

Baada ya kulipwa akasema, "Kaa na babu unywe chai, nikakutilie upepo gurudumu la mbele." Akalichukua, akavuka barabara kwa kijana wa pancha, akarudi, akalifunga mwenyewe. Nilimuona mtu mwema.

Mliokuwepo Jumamosi tulipotoka na baiskeli pamoja mmeshaona yaliyofuata. Tumetoka mjini vizuri, mnanipiga picha, mnaipapasa rangi, na mimi nawaeleza habari za Birmingham kifua mbele. Tulipoanza kushuka kuingia Mikindani usukani ukatetemeka mikononi kama umeshika mkia wa samaki. Nilisimama kwa miguu. Wengine mlidhani ni tairi. Nami nilisema ni tairi, kwa sababu sikutaka kusema nilichokuwa nimeshaanza kukihisi.

Jumatatu nikaipeleka kwa fundi wetu wa baiskeli kule Chikongola. Hakusema neno. Alimimina mafuta ya taa kidogo pale bomba la siti linapoingilia, akasubiri kidogo, akazungusha. Likatoka kama kisu kwenye samli. Halikuwa limeganda hata chembe. Chini yake namba: 25.4. Akapima bomba la fremu kwa nje, milimita 28.6. Mimi hesabu ndiyo kazi yangu, nikaifanya pale pale huku jasho likinitoka: toa, gawa kwa mbili, ukuta wa bomba ni milimita 1.6. Fremu ya Kiingereza ya 531 iliyotengenezwa kwa mashindano kwa kawaida hubeba bomba la siti la 27.2, yaani ukuta wa milimita 0.7 pale juu. Yangu ilikuwa imepita mara mbili! Akawasha tochi ya simu, akaniambia nichungulie. Ndani ya bomba, tangu juu hadi gizani, mstari ulionyooka wa mshono. Mabomba ya 531 huvutwa bila mshono. Hili lilikuwa bati nene lililokunjwa na kuchomewa.

Nikamwambia, "Lakini inalia, fundi. Nimeisikia." Akanyoosha mkono, akagonga fremu tupu ya Phoenix iliyoning'inia ukutani. Tiiing.

Yaliyobaki ni mfululizo wa misumari. Jina kwenye kibadilisha gia cha nyuma lilikuwa limesagwa kwa tupa na kupakwa rangi nyeusi, lakini kwa nyuma zilibaki herufi mbili, HD. Hizo ni alama za Shimano, kampuni ya Kijapani ya vifaa vya baiskeli: herufi ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976, ya pili ni mwezi. HD ni Aprili 1983. Naam, kifaa kinaweza kubadilishwa, lakini yeye aliniapia kwa Mungu kwamba hata nati moja haijaguswa tangu mzungu aondoke, na wazungu wa karanga 1983 walikuwa na miaka zaidi ya 30 tangu waende zao. Pale ekseli ya nyuma inapokaa ni kipande cha bati kilichokatwa na kubanwa, si chuma cha kufuliwa. Dukani kwa Mpemba tukaiweka kwenye mizani: kilo 14.3. Baiskeli nzuri ya 531 ni kilo 10, 11. Namba ya fremu, kule chini kwenye ekseli ya pedali, imesagwa na kuzibwa kwa puti, kwa hiyo sijui hata kama nimenunua mali ya wizi.

Na sumaku. Fundi alichukua sumaku ya spika ya redio akaiburuza bomba la chini, kutoka kwenye pedali kupanda mbele. Inashika, inashika, inashika, halafu karibu na shingo ya usukani ikadondoka sakafuni. Akakwangua rangi. Puti ya magari, nene kama ganda la korosho, na chini yake bonde la mgongano wa zamani na ufa unaoingia hadi nusu ya bomba. Juu ya kitu kile nilishuka mteremko Jumamosi, na malori yanapita. Baba wa watoto watatu.

Huyu mtu nataka akamatwe. Nimeshachukua RB ya polisi. Namba aliyonipigia haipatikani, jina alilonipa si lake, yule "shemeji" anasema hamjui na laini aliwahi kumuazima mtu. Hela hata asiporudisha, nataka asimame mbele ya hakimu, babu naye asimame pembeni yake na kofia yake ile, aulizwe alikuwa mpishi wa nani. Sisi huku tumeshaonewa vya kutosha. Kangomba, yule mlanguzi wa korosho, anakuja mkulima akiwa na njaa, anapima korosho kwa bakuli, anaondoka na jasho la mwaka mzima. Huyu anafanya hivyo hivyo, ila yeye bakuli lake ni kumbukumbu za wazee wetu. Afungwe. Afungwe mpaka asahau Mikindani iko wapi. Na kijana wa pancha aliyepokea lile gurudumu aulizwe, maana hakuna aliyekuwa hajui pale.

Wanaouliza "ungejuaje": bomba la siti litoke, na muuzaji akikataa lisitoke, ondoka. Nenda na sumaku, nenda na rula ya kupimia. Mlio si kitu. Chungulia kwa tochi. Pitisha kidole nyuma ya shingo, chini ya mabomba yote mawili, rangi ikiwa imevimba au ina mikunjo iliwahi kugonga. Jina la kwenye simu lifanane na mtu uliyesimama naye. Mengine muulizeni fundi, mimi kwa sasa siwezi kuyaandika bila kutetemeka.

Sasa picha ya jana. Kuna binamu yangu Lindi, ameambiwa kuna baiskeli ya resi ya kijani, haina jina, ya mzungu wa karanga, laki 8. Akanitumia picha anishauri. Fremu siijui. Lakini moja ya picha ni kiganja cha mtu, na ndani ya kiganja kuna kiwiko. Nikaikuza. Karibu na nati kuna mkwaruzo kama herufi Y.

Nilitoka nje usiku ule ule na tochi, nikaenda kwenye yangu, pale stoo. Gurudumu la mbele lina kiwiko cha chuma cheupe, laini, hakina hata herufi moja. Alikibadilisha alipokwenda kunitilia upepo, na wiki nzima sikukitazama.

Binamu nimemwambia asitoe kishika uchumba, amwambie muuzaji anasubiri mshahara. Nyie mlio Lindi, Mingoyo, Nachingwea, hadi Masasi, ukiwekewa kiwiko kile kiganjani, usionyeshe kushtuka. Kipige picha, tazama karibu na nati, nipigie. Namba yangu mnayo, sizimi simu.