Ayalandi na Rwanda: Taasisi Mbili au Moja ya Kuiuza Nchi Nje?

Hapa Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka lakini mvinyo wake haujulikani sana nje ya mipaka, inafaa kutazama namna nchi mbili ndogo zinavyojitangaza ughaibuni. Ayalandi imegawa kazi: IDA Ireland, iliyoanzishwa mwaka 1949, huvutia wawekezaji wa kigeni, ilhali Enterprise Ireland, ya mwaka 1998, huzisaidia kampuni za wazawa kuuza nje. Rwanda, kwa upande wake, ilikusanya uwekezaji, utalii na usajili wa kampuni chini ya bodi moja, Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB), mwaka 2008.

Mfumo wa Rwanda una wepesi ambao yeyote aliyezungushwa dirisha hadi dirisha na faili mkononi atauonea wivu. Tena ni bodi hiyo hiyo iliyoweka jina la nchi kwenye mkono wa jezi za Arsenal kuanzia mwaka 2018, hatua iliyozua lawama Ulaya, ingawa jina hilo lilifika hata kwenye vibanda vyetu vya kuangalia mpira. Ayalandi hutumia sikukuu: kila Machi mawaziri wake husambaa duniani kwa siku ya Mtakatifu Patrick, na ziara hizo huwa pia vikao vya biashara.

Kwa msindikaji mdogo wa mvinyo wa Hombolo, hapa Dodoma, hata hivyo, ningechagua mfumo wa Ayalandi, kwa kuwa taasisi inayobeba yote huelekea kumkimbilia mwenye mtaji mkubwa, na mwenye chupa mia chache akabaki kwenye benchi la mapokezi.