Slurm kwenye terminali: foleni inayokwambia kwa nini unasubiri

Wadau, habari za muda huu, karibuni tena. Leo sichambui simu wala spika. Leo ni Slurm, programu ya kupanga foleni ya kazi kwenye klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa ili watu wengi wazitumie kwa zamu. Wanafunzi wa huku Nyegezi mmeniomba sana hii. Unapewa akaunti kwenye klasta iliyo mbali, unaingia, unakutana na skrini nyeusi na kishale kinapepesa. Basi.

Bei yake ni bure. Ni programu huria, ilianzia maabara ya Lawrence Livermore kule California mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo ndiyo inayopanga kazi kwenye nyingi ya kompyuta kubwa kabisa duniani. Huiweki kwenye laptopu yako; inakaa kule kule, wewe unaingia kwa SSH, yaani njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali kwa kuandika amri. Sisi watu wa bando hapo tumepona, maana kinachosafiri ni maandishi tu. Bando unalonitazamia sasa hivi lingekutosha kusimamia kazi zako siku nyingi.

Tuchukue kazi ya hapa kwetu. Una picha 200 za setilaiti ya Sentinel-2 za Ghuba la Mwanza, unatafuta magugumaji yametanda wapi. Kila picha inachakatwa peke yake. Usiandike skripti 200, yaani faili za amri, tafadhali! Andika moja, ndani yake weka mstari huu:

#SBATCH --array=1-200%10

Maana yake kazi ndogo 200, ila zisizidi 10 kwa wakati mmoja. Hiyo %10 ni ustaarabu. Klasta si ya kwako peke yako. Unatuma kwa sbatch magugu.sh, inakujibu: Submitted batch job 4821. Namba hiyo ishike. Sasa umeme ukikatika mtaani kwako, kazi kule inaendelea, haina habari na wewe. Ila ukiiendesha moja kwa moja kwa srun, hiyo imefungwa na dirisha lako, mtandao ukianguka inaweza kufa nayo.

Kuangalia foleni ni squeue --me. Watu wanasoma safu ya ST, wanaona R kwamba inakimbia au PD kwamba inasubiri, wanafunga. Mimi nasema ruka yote hayo, nenda safu ya mwisho kabisa kulia, kwenye mabano. Hiyo ndiyo iliyonifanya niipende programu hii. Tazama hapa kwenye skrini: 4821_[11-200%10], PD, na kwenye mabano JobArrayTaskLimit. Hakuna tatizo, ni ile kumi yako uliyoweka mwenyewe. Ikiandika Resources, nodi, yaani kompyuta moja moja za klasta, bado hazijapatikana, zamu yako iko karibu. Priority, kuna wenzako mbele yako. JobHeldUser, wewe mwenyewe uliizuia kwa scontrol hold, sasa unamlaumu msimamizi bure. Iachie kwa scontrol release 4821.

Tukae kidogo kwenye muda, maana hapa ndipo watu wanaponyooshwa. Fikiria kivuko cha Kamanga. Lori refu linasubiri nafasi ya kulitosha, pembeni pamebaki upenyo, bodaboda inapita. Slurm inafanya hivyo kwa saa: ikiona nodi zitakaa bure saa mbili kabla kazi kubwa haijaanza, inachomeka hapo kazi iliyosema itaisha ndani ya saa mbili, mradi isimcheleweshe mkubwa. Sasa wewe una kazi ya dakika 40, umeandika --time ya siku 3. Upenyo gani utakutosha? Ukiacha kuandika kabisa, unapewa muda uliowekwa na wasimamizi, na mara nyingi ni mrefu. Lakini usibane kupita kiasi, kwa sababu muda ukiisha kazi inauawa, na ukiangalia kwa sacct, amri ya kumbukumbu za kazi, utakuta TIMEOUT. Pima picha moja kwanza, kisha ongeza akiba. Kama umeshatuma, scontrol update JobId=4821 TimeLimit=02:00:00 inapunguza. Kuongeza huwezi, hiyo ni ya msimamizi.

Kasoro? Zipo. squeue inaonyesha herufi 8 tu za jina la kazi. magugu_machi na magugu_mei zote zinasomeka magugu_m. Mwaka gani huu jamani! Dawa yake:

squeue --me -o "%.18i %.30j %.2t %.10M %R"

Iweke kwenye .bashrc, faili la mipangilio yako kule kwenye klasta, kwa jina fupi, usiikariri.

Kubwa zaidi ni scancel. Haiulizi. scancel 4821_7 inafuta picha ya saba peke yake. scancel 4821 inafagia zote 200, zinazokimbia na zinazosubiri, bila hata neno la kukuaga. Kuna -i inayokuuliza kwanza, mimi ningependa ndiyo iwe kawaida yake.

Na kuna hii inayowachanganya wengi. Unataka kazi ya kuchora ramani ianze picha zote zikiisha, unaituma na --dependency=afterok:4821. Vizuri sana. Ila afterok inataka zote 200 zifaulu. Picha moja ikiwa mbovu, ramani inabaki kwenye foleni imeandikwa DependencyNeverSatisfied, na kwenye klasta nyingi haiondoki yenyewe. Hiyo hata usubiri mpaka Krismasi haitaanza. Ifute, rudia ile picha moja kwa sbatch --array=57 magugu.sh, kama mbovu ni ya 57, halafu ramani uifunge kwenye namba mpya utakayopewa. Ukikutana na neno kwenye mabano ambalo sijaligusa, liandike hapo chini lilivyo, tuliangalie pamoja.