Cisco 2960-X ya mtumba: uzoefu wangu hapa Arua

Radi ya msimu wa mvua ilituulia swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta na simu za ofisi kwa kebo; ilikuwa Catalyst 2960 ya Cisco, ya zamani, ya poti 24, na ofisi nzima ikarudi kwenye bando za simu. Arua mjini sikupata ya kufaa, nikaagiza Kampala Catalyst 2960-X iliyotumika. Ikaja na basi la usiku, imeviringishwa sponji vizuri.

Mjue kwamba Cisco iliacha kuuza mfululizo huu mwaka 2022. Ukiambiwa ni mpya kabisa, omba namba ya mashine kwanza. Yetu ni chakavu kwa sura, ila poti zote 24 ni za gigabiti, wakati ile ya zamani iliishia megabiti 100. Feni yake inasikika. Kama mitambo na wahasibu wanakaa chumba kimoja, mtalalamikiwa.

Muuzaji aliniambia, "Ndugu, hiyo nimeisafisha mwenyewe." Kabla ya kuigusisha na mtandao wowote niliichomeka kwenye laptopu kwa kebo ya konsoli (njia ya kuisimamia moja kwa moja, bila mtandao), na ikaniomba nenosiri la wenyewe wa zamani! Nikaizima, nikashikilia kitufe cha Mode huku nikiwasha umeme, nikaingia kwa mlango huo na kufuta config.text, faili la setingi, pamoja na vlan.dat, faili la VLAN, yaani mitandao midogo iliyotenganishwa ndani ya swichi moja. Usiruke hili la pili. Swichi za Cisco hupeana orodha ya VLAN kwa itifaki iitwayo VTP. Swichi ya mtumba yenye jina la VTP kama lenu na namba ya marekebisho kubwa kuliko yenu inaweza kufuta VLAN za swichi zenu zote mara tu mnapoiunganisha kwa tranki (kiungo kimoja kinachopitisha VLAN nyingi). Anayeuza mashine hizi analijua hilo, au anapaswa kulijua.

Setingi za swichi ya zamani tulikuwa tunazihifadhi kwenye seva kwa TFTP (njia rahisi ya kunakili mafaili mtandaoni), kwa hiyo faili lilikuwepo. Lakini halimiminiki tu likakubali. Poti ya zamani iliitwa FastEthernet0/1; hapa ni GigabitEthernet1/0/1, kwa sababu 2960-X huhesabu na nafasi ya swichi ndani ya rundo (swichi kadhaa zilizounganishwa kufanya kazi kama moja), hata ikiwa peke yake. Nilibadilisha majina kwenye Notepad kwa "tafuta na badilisha", nikapitia mstari kwa mstari. Poti za juu, 25 hadi 28, ni za SFP (matundu ya kuchomekea kipachiko, mara nyingi cha nyuzi za mwanga), wakati kebo yetu ya kwenda kwenye ruta ni ya shaba. Tranki ikahamia poti ya 24.

VLAN zenyewe hazikuwemo kwenye faili. Swichi ikiwa katika hali ya VTP server, huziweka kwenye vlan.dat, nasi hatukuwa tumeinakili. Ukibandika amri za poti kwa mkono, swichi hujiundia VLAN inayotajwa, bila jina mlilolipa ninyi. Ile inayopita kwenye tranki tu haiundwi, na kwetu hiyo ndiyo ya kamera za bohari. Nilizisoma kwenye ruta, nikaziandika upya na majina yake. Ufunguo wa SSH, njia salama ya kuingia kwenye swichi kupitia mtandao, nao hausafiri na faili. Unatengenezwa upya kwa crypto key generate rsa, la sivyo mtaendelea kuning'inia kwenye konsoli.

Baada ya hapo simu za mezani zikawaka, printa ikapatikana, na mama wa uhasibu akaanza kuuliza mshahara unaingia lini. Nilihifadhi setingi, na safari hii nikanakili vlan.dat pia.

Kwa ofisi ndogo ningeinunua tena. Kwa mahali ambapo mtandao hauruhusiwi kulala, hapana: msaada wa Cisco kwa mfululizo huu unakoma 2027. Swichi naipa nyota nne. Muuzaji mbili: mzigo ulifika salama, lakini masikio (vipande vya chuma vya pembeni) ya kuifungia kwenye raki hayakuwemo, na mpaka leo imekaa juu ya rafu ya mbao.