Sweta la sufu kwenye mitumba: nunua lipi, acha lipi

Kipupwe kikibisha hodi Njombe, Mbeya au Lushoto, meza ya kwanza kuzingirwa sokoni ni ya masweta. Siku hizi sufu imerudi kwenye fasheni, basi kila sweta zito limekuwa "sufu tupu hiyo, bosi". (Na ni sufu, jamani, siyo sufi. Sufi tunalalia kwenye mito.)

Soma lebo kwanza. Nguo nyingi zinatoka Ulaya, kwa hiyo zoea lugha zao: "wool", "laine" ya Kifaransa, "lana" ya Kitaliano na Kihispania, "Wolle" ya Kijerumani. Ukiona "Schurwolle", hiyo ni sufu mpya, si ya kusaga nguo kuukuu. "Polyacryl" na "acrylique" ni akriliki, ndugu yake plastiki.

Lebo imekatwa? Muombe mwenye meza: "Kaka, naomba nichomoe uzi mmoja." Uchomoe kwenye mshono wa ndani, usogee pembeni na kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unajizimia wenyewe, na majivu yanasagika vidoleni. Akriliki inayeyuka na kuacha kipunje kigumu. Uzi wa mchanganyiko unatoa ushahidi wa pande zote mbili, hapo utumie akili.

1. Sufu ya mwanakondoo. Lebo inasema "lambswool": manyoya ya kunyolewa mara ya kwanza, laini kuliko ya kondoo mkubwa. Wengi wangeanza na merino. Mimi naanza na hii kwa sababu tunanunua nguo iliyokwisha kuvaliwa, na sweta la namna hii huwa nene kiasi cha kustahimili mwenye wa pili. Shingoni linaweza kuwasha kidogo. Vaa shati la kola ndani.

2. Merino. Unyuzi wake hauzidi maikroni 24 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa mtu mara nyingi unapita 50, ndiyo maana hauchomi ngozi. Sufu hunyonya mvuke hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi unyevu. Waulize wanaopanda Kilimanjaro: ndani wanavaa merino, pamba wanaiacha hotelini, maana pamba ikilowa jasho inakugandia na baridi yake. Kasoro ni wembamba. Nyoosha viwiko juani. Ukiona mwanga unapenya, rudisha.

3. Mchanganyiko. Sufu 80 na nailoni 20 usiidharau, nailoni inaongeza uimara. Sufu ikishuka chini ya nusu, unalipia jina.

4. Kashmiri. Haya ni manyoya ya mbuzi, mengi yakitoka China na Mongolia. Ni laini mno, na ikiwa mtumba mara nyingi imeshaota vipele vya nyuzi makwapani. Ichukue pale tu muuzaji anapoiuza kwa bei ya akriliki.

5. Akriliki. Kwa mtoto wa shule ambaye sweta lake linafuliwa kila wiki na kukamuliwa kama deki, nunua hii bila aibu.

Kuna sweta ambalo hata likiwa la daraja la kwanza uliache: lililoganda. Unyuzi wa sufu una magamba. Ukiufua kwa maji moto na kuusugua, magamba yanashikana na nguo inasinyaa, haitanuki tena. Utalijua kwa kuwa gumu kama zulia na vitanzi vyake havionekani. La kwangu la kwanza nililitumbukiza kwenye ndoo ya maji moto na sabuni ya unga. Mpwa wangu wa miaka mitatu akalivaa, likamkaa sawasawa. Fua kwa maji baridi, shampuu kidogo, kisha lianike likiwa limelala.

Mwisho, linyanyue kuelekea jua utafute matundu. Viwavi vya nondo hula sufu, akriliki hawaigusi, kwa hiyo vitundu vidogo vilivyotawanyika vinaashiria sufu na pia vinakupa sababu ya kushusha bei. Kimoja au viwili fundi anaziba. Vikizidi vitano, mshukuru dada na usogee meza ya pili, kwa maana huenda viwavi vyenyewe bado vimo, na nyumbani una masweta mengine.