Nimelipia praktikali za kemia za Jumamosi hapa Moshi, maoni yangu ni haya

Kwanza mjue nimetokea wapi. Mi niko chuo mwaka wa pili, ualimu wa sayansi, na mwaka wa kwanza wote praktikali za kemia nilizipita kwa madesa. Manyuo (kitabu cha maelekezo ya maabara) inakupa kila hatua, unachanganya, unasoma bureti (mrija wa kupimia kimiminika), data zikikataa mnazipika zifanane na za waliotangulia, ripoti unanakili usiku. Maksi nilipata ila ungeniuliza kwa nini tulipasha kile kitu moto mara mbili nisingekuwa na jibu, na mtu kama mimi ndo anaenda kufundisha watoto wa watu!

Sasa kuna mwalimu mmoja ana maabara yake ndogo huku, elfu kumi na tano kwa Jumamosi moja, masaa matatu, na cha pekee pale sio vifaa, ni karatasi. Hugusi chupa mpaka uwe umeandika swali lako mwenyewe, alafu utapimaje, ukimaliza unaandika ulichokiona, dai lako ni nini, ushahidi wa hilo dai ni upi, wengine wamepata nini na mawazo yako yamebadilikaje. Anaiita SWH, yani Science Writing Heuristic, mwongozo wa kujifunza sayansi kwa kuandika. Watafiti kina Keys, Hand, Prain na Collins waliitoa 1999 kwa ajili ya sayansi ya sekondari, baadae Greenbowe na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, wakaipeleka kwenye maabara za kemia za chuo.

Jumamosi ya pili ndo ilinishika. Tuliambiwa kila kundi lije na swali kuhusu kitu cha nyumbani, sisi tukaenda soko la Mbuyuni kununua magadi, yale ya kulainishia makande, mama muuzaji akatuambia yametoka Ziwa Natron. Swali letu: haya magadi na baking soda ni kitu kimoja? Mimi nilikuwa na uhakika ni baking soda yenye uchafu tu, nikaliandika kabisa hilo dai.

Tukapasha moto gramu 2.00 za baking soda, tukapima, tukarudisha motoni tukapima tena mpaka uzito ukagoma kubadilika, ikabaki 1.27. Hapo poa, kwa hesabu inatakiwa ipungue karibu asilimia 37 maana inatoa maji na hewa ya ukaa, kinachobaki ni sodiamu kaboneti. Magadi nayo gramu 2.00, yakapungua 0.56 tu, asilimia 28. Nikasema si mnaona, uchafu huo. Dada mmoja wa kundi la pili akaniuliza taratibu tu, "kaka, uchafu wenyewe umeupima?" Nikaangalia karatasi yangu, kwenye ushahidi sijaandika kitu.

Ikabidi tuyeyushe magadi mengine gramu 2.00, tuchuje, tukaushe mabaki: 0.12. Kwa hiyo magadi yenyewe ni 1.88, na ingekuwa ni baking soda yangepungua karibu 0.69, sisi tumepata 0.56, yani kama asilimia 30. Uchafu hautoshi kueleza hiyo tofauti. Mwalimu ndo akatupa cha kusoma kuhusu trona, madini ambayo ndo magadi yenyewe, kwamba ndani yake kuna kaboneti tayari, kuna baikaboneti (ndo baking soda) na kuna maji, na kwa hesabu inapungua asilimia 29.7. Nilifuta dai langu kwa mkono wangu na sijawahi kufurahi hivyo kwenye kemia, kweli kabisa, maana ile namba niliielewa inatoka wapi.

Kitu kingine nakishukuru sana, anaturuhusu kuandika Kiswahili kwanza. Chuoni ripoti ni Kiingereza na wengi wetu tunakwama hapo, unaweka sentensi za kukariri kwa sababu huna za kwako, ila ukishabishana na wenzio kwa Kiswahili na ukaandika dai lako likanyooka, kulihamisha ni kazi ndogo.

Kasoro zipo. Mizani ya maana ni moja na tulikuwa watu kumi na nne, foleni inakula muda mpaka ile sehemu ya mwisho ya kuandika mawazo yamebadilikaje inafanywa mbiombio, na mimi naona ndo sehemu ya kulindwa kuliko zote. Siku moja gesi iliisha katikati, hatukurudishiwa hela, tuliambiwa tutafidiwa wiki inayofuata na tukafidiwa kweli. Kwa mwanafunzi anayesubiri boom (hela ya mkopo wa chuo), elfu kumi na tano sio ndogo, wangeweka bei ya kundi.

Mi narudi. Jumamosi hii ni siki za madukani, swali langu nimeshaandika: je ile ya bei rahisi ina asidi kama lebo inavyosema? Ukienda fika saa mbili na nusu asubuhi uwahi mizani, na beba kaunta buku mpya, ya zamani yenye madesa iache nyumbani.