Kampuni ya mahusiano ya umma kwa biashara ndogo Mbeya: ya Dar, ya hapa, au mtu mmoja?

Mwenye kiwanda kidogo cha kukaanga kahawa Mbozi, au anayefungasha mchele wa Kyela, akitaka mtu wa kumfikisha kwenye habari za magazeti na redio, ana milango mitatu ya kubisha: kampuni ya Dar es Salaam, ofisi ya Mbeya au Iringa, na mwandishi wa habari wa zamani anayejitegemea.

Kampuni ya Dar inafaa kama mzigo wako unauzwa huko na unawahitaji wahariri wa magazeti ya kitaifa. Tatizo ni kwamba wanaokuja kukushawishi sio watakaofanya kazi. Ukishasaini, akaunti ndogo kama yako hupewa kijana aliye mafunzoni. Uliza jina la atakayeandika taarifa zako kwa vyombo vya habari na ana wateja wangapi mkononi. Uliza pia nani analipia tiketi ya ndege hadi Songwe na kulala, maana gharama hizo huibuka kwenye ankara ya kwanza.

Ofisi za hapa zina sifa moja kubwa: zinawajua watangazaji kwa majina, na zinajua kipindi gani cha redio kinasikilizwa na wenye maduka Mwanjelwa na Kabwe. Lakini nyingi ni wachapa mabango au washereheshaji walioongeza maneno "mahusiano ya umma" kwenye kibao. Waombe wakuonyeshe habari tatu za wateja wao zilizotoka bila kulipiwa nafasi. Wakileta matangazo ya kulipia, umeshapata jibu. Hakikisha wamesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na wanatoa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, na uliza kama bei yao imejumlisha VAT.

Kwa biashara yenye wafanyakazi chini ya kumi, tunampa alama za juu mwandishi anayejitegemea, mradi awe na mtu wa kumshikia kazi akiugua. Bei yake ni nafuu na anaandika mwenyewe.

Yeyote utakayemchagua, mpe kwanza jaribio la kulipwa: taarifa ya ukurasa mmoja, ndani ya siku mbili, kuhusu jambo halisi la biashara yako. Soma aya ya kwanza. Je, inasema nani, nini, wapi na lini? Ina kilo, bei, idadi ya wakulima mnaonunua kwao? Ikianza na "kampuni inayoongoza kwa ubora", mhariri hataifikia aya ya pili, na fedha yako itaishia hapo kila mwezi.

Anayekuahidi kutokea gazetini mara tano kwa mwezi anakuuzia matangazo kwa jina jingine. Habari huamuliwa na mhariri. Angalia pia mstari wa "gharama za uratibu" kwenye proforma, ile ankara ya awali: mara nyingi ndimo bahasha za waandishi zinapofichwa. Nauli ya mwandishi kutoka mjini hadi shambani iandikwe wazi, kwa kichwa na kwa safari. Bahasha ya kununua habari ikatae kabisa. Inaua imani ya msomaji, na mwandishi aliyelipwa nawe leo atalipwa na mshindani wako kesho.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kuajiri mwishoni mwa Julai kwa ajili ya Nane Nane, maonyesho ya wakulima ya mwanzoni mwa Agosti. Wiki hiyo kila taasisi inatuma taarifa, na waandishi wanaoingia viwanja vya John Mwakangale wanafuata misafara ya viongozi. Anza Mei: picha za shambani mwezi huo, ziara ya waandishi Juni, taarifa ya bidhaa katikati ya Julai. Kabla ya yote hayo, alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, iwe tayari na ghala liwe na mzigo. Ukitangazwa halafu mteja akakuta rafu tupu, kampuni nzuri kuliko zote haitakuokoa.

Saini miezi mitatu tu kwanza, notisi ya siku 30, malipo asilimia 40 mwanzoni na yanayobaki kwa kazi iliyokamilika. Ripoti ya mwezi ionyeshe simu na oda zilizoingia, si idadi ya "like" peke yake. Na kurasa za Facebook na Instagram zifunguliwe kwa namba ya simu na barua pepe ya biashara yako, wao wapewe ruhusa ya kuhariri tu. Zikifunguliwa kwa namba yao, siku mkataba unapovunjika wanaondoka na wafuasi, picha na ujumbe wote wa wateja.