Kopo la Shilingi 350 na Karatasi ya Bure: Uzoefu Wangu wa Miezi Mitano

Niseme mapema kwamba mara ya kwanza nilinunua kwa huruma. Marehemu alikuwa kinyozi wangu kwa miaka tisa pale Kondele. Binti yake aliponiambia kwamba sasa anatengeneza mafuta ya kupaka baada ya kunyoa, nilitoa shilingi 350 jinsi mtu anavyotoa mchango wa matanga, yaani bila kuuliza ninapata nini. Kopo likakaa juu ya kabati wiki tatu.

Wiki ya nne shingo ikanishinda. Mimi ni askari wa ulinzi, nalinda lango la jengo la ofisi hapa mjini Kisumu, na mwajiri wetu anataka kidevu kitupu kila siku ya zamu. Amri hiyo ni nyepesi kwa mwenye nywele zilizonyooka. Sisi wenye nywele za kipilipili tunailipia. Ukizikata chini kabisa, ncha inabaki imechongoka kama sindano, na unywele ukianza kukua unajipinda kurudi kuchoma ngozi ileile ulikotoka. Ngozi nayo inajihami kama iliyoingiwa na mwiba, ndipo vipele vinapotokea, vingine na usaha. Zile nyembe za dukani zenye makali matatu au manne ndizo mbaya zaidi: kali la mbele linauvuta unywele, linalofuata linaukata ukiwa umevutwa, halafu unazama chini ya ngozi. Nilizitumia miaka na miaka, kisha najimwagia spiriti huku machozi yananitoka, nikiamini kwamba kule kuwashwa ndiko kupona.

Nitoke kidogo nje ya kopo, maana bila mzee haya mafuta hayaeleweki.

Kinyozi huyo tulimwita Jaduong', yaani mzee kwa Dholuo, hata sisi tusio Wajaluo. (Kwetu ni Vihiga.) Alikuwa na viti viwili, kioo kimoja kikubwa chenye ufa, na kioo kidogo cha mkononi. Akimaliza kukunyoa alikuwa anakishika kile kidogo nyuma ya kichwa chako, ananyamaza, anasubiri. Ukisema "sawa" haraka haraka hakubali. Anakuambia uangalie vizuri. Kitu kingine, alikataa kabisa kumpaka piko mtu mwenye vipele kidevuni, hata mteja akikasirika na kuhamia kwa jirani. Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Baadaye nilikuja kujua kwamba dawa iliyomo kwenye piko nyingi, ile inayotoa weusi, inaweza kuwaka vibaya kwa watu wengine, na ngozi iliyochubuka ndiyo mlango wake.

Mzee akaugua figo. Miaka miwili ya mwisho alikuwa anaenda kusafishwa damu, na mtu ambaye figo zake zimechoka, ngozi yake hukauka na kuwasha, anajikuna usiku kucha. Losheni zenye manukato zilimchoma. Binti yake akaanza kununua mafuta ya shea yanayoletwa kutoka kaskazini mwa Uganda kupitia Busia, yale ambayo Waacholi na Walango huita moo yaa, akayayeyusha pamoja na nta kidogo ya nyuki, bakuli ndani ya sufuria ya maji moto, akawa anampaka baba yake. Wazo la biashara halikuwepo. Palikuwa na binti, na mzee aliyetaka ndevu zake zipunguzwe sawasawa hata akiwa amelala, kwa sababu kinyozi mwenye kidevu kichafu anafukuza wateja.

Alipozikwa, familia ilifanya liedo, ile kunyoa nywele za wafiwa baada ya mazishi kwa desturi ya Wajaluo. Siku hizi wengi wameacha, wengine wanakata ncha tu kama ishara. Wao walinyoa kwa wembe hadi chini. Binti yake, dada yetu, akarudi Kondele na kipara cha matanga, na kichwa kizima kinawaka moto. Kopo la baba lilikuwa limebaki nusu. Akajipaka. Anasema usiku ule ndio wa kwanza alilala, na hapo ndipo alipofikiria kwamba mafuta aliyotengenezea ngozi ya mgonjwa yanaweza kumfaa mtu yeyote aliyetoka chini ya wembe.

Sasa turudi kwenye kopo. Ni la bati, gramu 60, lebo ina picha ya mkasi na orodha ya vilivyomo: shea, nta, mafuta ya ufuta. Basi. Sisi wa magharibi ukitutajia mafuta ya kienyeji ndani ya kopo dogo, pua inakumbuka Naturub, ile ya kujichua inayotokana na mmea wa mwonyi wa wakulima wa Muliru kule msitu wa Kakamega. Haya hayana ukali huo wala hayapoozi. Yananuka moshi kidogo na karanga, harufu ambayo shea ya kienyeji huwa nayo, na baada ya dakika kumi huisikii tena. Unachota kiasi cha punje ya mahindi, unasugua viganjani mpaka yayeyuke, unapaka. Kwa kunyoa kila siku, kopo lilinichukua wiki tisa. Piga hesabu, ni kama shilingi tano na senti kadhaa kwa siku.

Ndani ya kifuniko kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, upande mmoja Kiswahili, upande mwingine Dholuo. Karibu niitupe. Maneno ni ya Jaduong', yaani yale aliyokuwa akituambia kila siku nasi hatusikii, binti ameyaandika tu. Lowesha ndevu kwa maji ya vuguvugu dakika tatu. Usivute ngozi. Fuata nywele zinakoelekea, na shingoni chunguza kwanza kwa kidole, kwa sababu huko zinaenda upande. Usipite mahali pamoja zaidi ya mara mbili. Tumia wembe wa kali moja, au bora zaidi mashine. Bakisha kivuli. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: hii si dawa, kipele chenye usaha kionyeshe hospitalini.

Hilo la kivuli ndilo lililonipa taabu kazini. Kubakisha kivuli maana yake ni kuacha unywele urefu wa milimita moja hivi, usikate hadi ngozi. Asubuhi ya kwanza afande wa zamu akanisogelea, akasema, "Wewe hujanyoa." Nikamwambia nimenyoa kwa mashine. Akanipitishia kiganja shavuni kama anayekagua ubao. Nikafungua kola, nikamwonyesha shingo. Akatazama, akakunja uso, akasema, "Basi kivuli kisizidi hapo." Kimebaki hapo hadi leo.

Baada ya wiki tatu vipele vilikuwa vimepungua kiasi kwamba mke wangu ndiye aliyeanza kusema. Mtu mwingine angeishia hapo na kuandika kwamba kopo limeniponya. Mimi nilitaka kujua ni nini hasa kimenisaidia, kopo au karatasi. Kwa hiyo wiki mbili nilinyoa kwa namna ileile pande zote, kisha shavu la kulia na nusu ya shingo nikapaka mafuta ya dada, upande wa kushoto vaselini ya kawaida ya dukani. Najua uso mmoja si utafiti. Lakini ni uso wangu, na pesa ni zangu.

Vipele vilipungua sawasawa pande zote mbili. Tofauti ilikuwa katika ule moto wa dakika za kwanza: kulia ulizimika mapema. Tena upande wa vaselini uling'aa kama sufuria na kukusanya vumbi la barabara mpaka saa nne asubuhi, wakati wa kulia ulikuwa mkavu na laini. Kwa hiyo hesabu yangu ni hii: karatasi ilifanya sehemu kubwa ya kazi, kopo likafanya sehemu yake ndogo, nayo iliifanya vizuri. Kama huna shilingi 350, fuata ile karatasi na vaselini yako, utaona mabadiliko. Niliyanunua tena kwa sababu ya ule moto na lile vumbi, si kwa huruma.

Kasoro zipo. Ya kwanza ni joto. Kisumu mchana hufika nyuzi 30 bila kuomba ruhusa, na shea ya Uganda ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi. Kopo nililoacha kwenye kibanda cha lango liliyeyuka likawa maji, likavuja kwenye daftari la wageni (kuna ukurasa mzima wa mwezi ule unaopitisha mwanga). Usiku lilipoganda polepole likawa na chengachenga kama sukari. Hayajaharibika, ukiyasugua zinayeyuka, ila mnunuzi asiyejua atadhani ameuziwa mafuta yaliyooza.

Ya pili iko kwenye bidhaa yake nyingine, mafuta ya maji ya ndevu, chupa ya mililita 30, shilingi 400. Haya sikuyapenda. Yana karafuu nyingi. Nilipaka penye ngozi iliyotoka kunyolewa, nikarudi miaka ya spiriti. Karafuu ni kali kwa ngozi iliyochubuka, na chupa haisemi popote kwamba haya ni ya mwenye ndevu tu. Shemeji yangu mwenye ndevu za kujaa anayapenda sana. Nilimpa chupa, hakuirudisha.

Sabuni ya kunyolea, shilingi 200: povu dogo, inaisha haraka. Sikununua tena.

Kuyasema haya mbele yake kulinichukua muda. Utamwambiaje mtu kwamba bidhaa aliyomtengenezea baba yake inavuja? Nilienda pale kinyozi mara mbili nikanyoa, nikalipa, nikaondoka na maneno yangu. Mara ya tatu, kijana aliyeajiriwa alipomaliza kunipunguza, dada mwenyewe ndiye aliyeshika kile kioo kidogo nyuma ya kichwa changu. Nikasema "sawa." Akasema, "Anko, hujaangalia."

Basi nikamwambia yote. La joto alilichukua mara moja. Akaeleza kwamba nta ya nyuki huhitaji zaidi ya nyuzi 60 kuyeyuka, kwa hiyo ataongeza kipimo cha nta, na kwamba chengachenga hupungua ukiyapoza mafuta haraka badala ya kuyaacha yagande yenyewe. Kopo la pili nililonunua lilikuwa gumu zaidi na limekaa kibandani mwezi mzima bila kumwagika. Sasa linahitaji kusuguliwa zaidi kabla ya kupaka, lakini hilo navumilia.

La karafuu alinyamaza. Kisha akaniuliza kama nakumbuka mzee alikuwa akitafuna nini. Nikakumbuka. Kinyozi anafanya kazi pua kwa pua na mteja, na Jaduong' alikuwa na punje ya karafuu shavuni siku nzima, hutamsogelea bila kuisikia. "Nikiitoa," akasema, "hiyo chupa itakuwa mafuta tu." Sikuwa na jibu. Nilimwomba aandike kwenye lebo kwamba yasipakwe kwenye ngozi iliyonyolewa muda huohuo. Alisema ataandika. Chupa nilizoziona mwezi uliopita bado hazina maneno hayo, na kwa hilo nampunguzia alama, karafuu ya mzee au la.

Jambo jingine la kuangalia: hadi ninapoandika haya kopo halina alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Nilimuuliza, akanionyesha karatasi za maombi, anasema gharama na vipimo vinamchelewesha. Siwezi kukuamulia. Ikija kuwekwa, au ukikutana na alama hiyo kwenye bidhaa yoyote, unaweza kuihakiki kwa kutuma ujumbe wa simu wenye neno SM, alama ya reli (#), kisha namba ya kibali kwenda 20023. Kwa sasa fanya nilivyofanya: paka kidogo ndani ya mkono, ngoja siku nzima, ndipo upeleke usoni. Hasa kama ufuta huwa unakudhuru ukila.

Anauza palepale Kondele siku za wiki, na Jumapili anapanga meza ndogo sokoni Kibuye. Unalipa kwa till ya M-Pesa. Nje ya mji anatuma kwa matatu, nauli ya kifurushi ni yako. Ukimpelekea kopo tupu lililooshwa anakupunguzia shilingi 50.

Karatasi ya kopo la kwanza niliibandika ukutani kibandani. Wenzangu wanne wa zamu sasa wanabakisha kivuli, na afande ameacha kupitisha kiganja. Kati yao, aliyenunua kopo ni mmoja. Nilipomweleza dada hesabu hiyo alicheka sana, akasema hata baba yake watu walikuwa wanakuja kumuuliza kisha wanaenda kunyoa nyumbani. Akanipa karatasi nyingine tatu.

Kifuniko cha kopo bado ni kigumu, ukiwa na mafuta vidoleni ndiyo kabisa. Mimi nafungua kwa mpini wa kijiko.